Karatasi Iliyochanika Kushoto

Uzi wa upinde wake ulianza kutoa nyuzinyuzi siku nane kabla ya mchujo wa timu, na mtu pekee mjini aliyekuwa na presi ya kubadilishia uzi huo alikuwa kaka yake, ambaye hakuwa amesemezana naye kwa miaka mitatu.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mwoka mikate, umri wake miaka thelathini na minane, mabega mapana kwa kukanda unga tangu usichana. Nyumbani kwao walimwita Siafu. Jina hilo alipewa na kaka yake huyo huyo, kwa sababu utotoni akinyang'anywa kitu hakuwa analia. Alikuwa anang'ata, na akishang'ata haachii mpaka mama yao aje kumbandua. Kaka alimzidi miaka kumi na mitatu. Mjini walimjua kama Fundi Nukta, kwa vile hakuwahi kukubali kazi itoke mkononi mwake ikiwa imekosea hata kwa nukta moja.

Mchezo wa upinde, kaka yake ndiye aliyemfundisha. Na upinde wa kisasa si fimbo na kamba tu. Una kapi mbili, moja juu na moja chini, zinazopokezana mzigo, ili mvutaji akifika mwisho wa kuvuta ahisi uzito umepungua, atulie, alenge. Uzuri wake ndio huo, na usumbufu wake pia, maana kila kitu mle kinategemea kingine. Ukibadilisha uzi, kapi zinahama kidogo. Kapi zikihama, mshale unatoka mkia ukiwa upande. Na mshale ukitoka mkia upande, hata mkono wako uwe imara kama nguzo, utapiga pembeni.

Miaka mitatu nyuma, kwenye mchujo kama huu, Siafu alikuwa amebakiza mishale mitatu tu aingie timu. Wa kwanza ukaenda kushoto. Wa pili ukaenda kushoto zaidi. Wa tatu hakutaka hata kuangalia ulipoishia. Alirudi nyuma ya mstari, akamwambia kaka yake, "Kaka, upinde una kitu."

Kaka yake, mbele ya makocha na wapigaji wengine, akajibu, "Upinde hauna kitu. Mwenye kitu ni aliyeushika."

Watu wakacheka. Wengine hawakuwa na nia mbaya, lakini kicheko ni kicheko. Siafu alikwenda moja kwa moja karakana, akautupa upinde juu ya meza ya kaka yake, akamwambia asimtafute tena maishani. Wiki moja baadaye mama yao aliuleta upinde kwake, umefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Siafu akausukumia uvunguni. Ukakaa huko mwaka mzima kabla hajautoa, na alipoutoa akawa anapiga peke yake, kimyakimya, kila mshale ukitoka akiusikia moyoni ule usemi: mwenye kitu ni aliyeushika.

Pengine wangeshapatana zamani. Ila wiki sita kabla ya uzi kuharibika, Siafu alikuwa anatoka duka la dawa akamwona kaka yake anakuja kwenye njia ile ile ya miguu. Siafu alisimama, akafungua mdomo amwite, na Fundi Nukta akampita karibu kiasi cha kugusana mikono, uso mkavu, macho mbele, kama anapita mti. Siku hiyo Siafu alirudi kazini akajifungia stoo ya unga akalia mpaka kope zikaganda unga. Akajiapiza kwamba basi.

Sasa mama yao alikuwa kwenye simu.

"Presi nyingine iko wapi?"

"Safari ya siku nzima, Mama. Na yule mtu hapokei kazi mpaka mwezi ujao."

"Na ya kaka yako?"

"Dakika kumi na tano."

"Kwa gari?"

"Kwa miguu, Mama. Unajua."

"Basi miguu ninajua unayo, nilikuzaa nayo," mama akasema, na akakata simu.

Ijumaa mchana, baada ya kuoga unga umtoke, Siafu alibeba upinde wake na mkoba wa mishale akaenda. Karakana ilikuwa chumba kirefu, chembamba, nyuma ya kituo cha mafuta. Baiskeli zilining'inia kwenye ndoano darini, ukutani kulikuwa na mamia ya funguo, na mwisho wa chumba kulikuwa na ujia uliotokea bohari kuukuu. Mwisho wa ujia huo palipangwa marobota ya makaratasi yaliyoshindiliwa. Hapo ndipo alipopigia mshale wake wa kwanza akiwa na miaka kumi na miwili.

Alisimama mlangoni. Kaka yake alikuwa ameinamia kufuli. Akainua uso, akamtazama moja kwa moja.

"Karibu," akasema. "Baiskeli au kufuli?"

Siafu alihisi damu inampanda kichwani. Hata salamu ya dharau ina kiwango chake. "Upinde," akasema.

Mkono wa fundi ukasimama palepale. 

"Siafu."

"Nimekuja kikazi. Uzi umechakaa, mpya ninao. Unifungie, uuweke sawa, niondoke."

"Weka hapa mezani," akasema fundi kwa sauti ya chini. "Mkono wa kulia."

Kabla hajaweka, wifi yake akatokea mlango wa nyuma na birika, akamwona, akapiga ukelele, na nusura chai imwagike yote. Alimkumbatia mpaka upinde ukambana Siafu kwenye mbavu.

"Wifi yangu! Umekuja! Ngoja nikumiminie chai kabla huyu hajaigusa. Juzi katia chumvi vijiko vitatu, kainywa yote, kasema tamu. Jumapili kavaa shati la kijani na soksi za mtoto wetu. Mimi nasema ni mapenzi yamezidi, yeye anasema ni uchovu."

"Mama nanihii, tuache tufanye kazi," akasema fundi.

"Nawaacha, nawaacha." Akaondoka akicheka peke yake.

Fundi Nukta aliubana upinde kwenye presi, akazungusha mpini, mikono ya upinde ikajikunja taratibu mpaka uzi ukalegea. Siafu alikaa kwenye kigoda akiwa amekunja mikono kifuani, ameazimia kutosema lolote. Lakini ilikuwa vigumu kununa ukitazama mikono ile ikifanya kazi. Vidole vilitembea juu ya kapi kama vinasoma. Alivua uzi mkuukuu, akavisha mpya, akauzungusha mizunguko kadhaa ili uwe na urefu unaotakiwa, akapitisha ukucha kwenye mfereji wa kapi kuhakikisha umekaa. Hakuangalia hata mara moja. Macho yake yalikuwa ukutani.

"Nisomee rula hapo," akasema. "Kutoka uzi mpaka kwenye mpini."

"Rula unayo mkononi."

"Nisomee. Nataka kujua kama bado unajua kusoma rula."

Siafu akasoma. Baadaye akamwomba amsomee tena, alama za kwenye kapi, kama zimelingana. Siafu akasema zimelingana. Alikiri moyoni kwamba lilimfurahisha kidogo hilo la kuulizwa.

Wakafika kwenye karatasi. Hiki ni kipimo cha zamani cha mafundi wa pinde. Unatandaza karatasi kwenye fremu, unasimama hatua tatu, unapiga mshale upite katikati yake. Mshale ukiruka umenyooka, unaacha tundu moja la duara lenye mikato mitatu ya manyoya ya mkiani. Ukiruka umepinda, ncha inatoboa mahali pamoja na mkia unachana kuelekea upande uliokwenda. Karatasi haimwonei mtu haya. Siafu alikuwa ameleta karatasi za kufungia mikate, kwa kuwa zinachanika vizuri.

Zamani kaka yake ndiye aliyesoma karatasi. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga. Leo fundi alisimama kando ya fremu, hatua mbili tu, mikono mfukoni, akasema, "Piga, halafu uniambie umeona nini."

Siafu akavaa mkononi kifyatuo chake, kile kidude cha kuachilia uzi, akavuta, akaachia. Mshale ukapita karatasi ukazama kwenye robota. Akaenda kuuchomoa, na alipokuwa anarudi akaitazama karatasi.

"Mkia umechana kulia. Kama upana wa kidole."

"Kulia," akasema fundi. Akakilegeza kiegemeo, kile kipande kidogo kinachobeba mshale, akakisogeza kushoto kidogo sana, akakaza. "Tena."

Siafu akapiga tena, akaenda, akachomoa, akarudi. "Kulia bado. Umezidi."

"Umezidi?"

"Kidole na nusu."

Akasogeza tena kushoto. Mshale wa tatu ulichana karatasi kwa sauti mbaya, mchano mrefu wa vidole viwili na zaidi. Kijasho kilikuwa kimemtoka fundi juu ya mdomo. "Haiwezekani," akasema. "Hii haiwezekani. Una uhakika unashika vizuri?"

Swali hilo lilimchoma Siafu pale pale pa zamani. "Ndiyo, tumefika," akasema. "Nilikuwa nangojea. Mwenye kitu ni mimi, siyo?"

Fundi aliifuata karatasi, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa. Kisha akainua kidole cha shahada, akakipapasa juu ya karatasi mpaka kikalipata tundu, akakipitisha polepole kwenye mchano wote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kushoto," akasema. "Umechana kushoto, Siafu."

"Kulia! Si naona!"

Siafu alikuwa amesimama upande wa pili wa fremu, upande wa marobota, mshale wa tatu aliotoka kuuchomoa ukiwa mkononi. Ndipo akaelewa. Kila mara alikuwa akiisoma karatasi akitokea kuchomoa mshale, akiwa nyuma yake, na kinachoonekana kulia ukiwa nyuma ni kushoto ukiwa mbele. Alikosea kama mtoto. Akataka kucheka. Lakini wazo jingine likaja nyuma ya hilo na kicheko kikakwama.

"Kaka," akasema, "mimi nimekosea, sawa. Lakini wewe ulikuwa umesimama hapo hapo muda wote. Karatasi iko mbele ya uso wako. Kwa nini hukuona?"

Kupitia mchano wa karatasi alimwona sasa kwa karibu. Mboni ya jicho la kaka yake haikuwa nyeusi. Ilikuwa na utandu wa kijivu, kama kioo cha bafuni kilichoshika mvuke. Jicho lile lilikuwa linamtafuta, na halikuwa linampata.

"Siku ile kwenye duka la dawa," akasema Siafu, sauti ikipungua. "Wiki sita zilizopita. Ulinipita."

"Siku gani?"

"Ulinipita, Kaka. Nilikuwa karibu hivi. Nilitaka kukuita."

Fundi Nukta alishika fremu ya karatasi kwa mikono miwili. "Sikukuona," akasema. "Haki ya Mungu, Siafu, sikukuona. Hata leo ulipoingia sikukuona. Niliona kivuli mlangoni."

Wakakaa hivyo, karatasi ya mikate katikati yao. Nje gari lilikuwa linajaza mafuta, redio yake ikipiga kelele.

"Tangu lini?" Siafu akauliza.

Na hapa kaka yake angeweza kusema mwaka mmoja, au miezi, na asingejulikana.  "Ilikuwa imeshaanza siku ya mchujo wako," akasema. "Asubuhi ile nilikagua upinde wako. Nilikiweka kiegemeo sawa, nikadhani nimekaza skrubu zote mbili. Uliponiachia upinde mezani na kuondoka, niliushika nikakuta moja haijakazwa. Kila ulipopiga, kiegemeo kilikuwa kinahama. Upinde ulikuwa na kitu. Mwenye kitu nilikuwa mimi."

"Ulijua," akasema Siafu. "Miaka mitatu."

"Nilijua siku ile ile jioni. Nikakaza, nikampa Mama akuletee. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa ngumu, na keshokutwa ikawa ngumu zaidi. Fundi asiyeona anamwambia nani?"

Siafu hakupiga kelele. Aliweka upinde juu ya kigoda, akatoka.

Alitembea mpaka akapita kituo cha mafuta, akapita ukuta wa shule, akafika kwenye kalavati la mtaa wa pili. Njiani watu walimtazama sana, na mzee mmoja mwenye toroli akamuuliza kama siku hizi walinzi wanavaa hivyo. Ndipo akagundua bado ana kifyatuo mkononi na kinga ya ngozi kwenye kigasha, na mshale mmoja mzima ameubeba kama bakora. Akaketi kwenye kalavati.

Alikuwa na hasira ya kutosha kung'ata chuma. Alihesabu mambo aliyojinyima kwa sababu ya kicheko cha siku ile: mashindano matatu aliyokataa kwenda, kijana wa klabu aliyemwomba amfundishe, akamkatalia akisema yeye mwenyewe hajui kitu, mara zote alizoutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Miaka mitatu alikuwa ameusingizia mkono ule. Akaunyoosha mbele yake, kiganja wima, kama ameshika upinde. Ulitulia. Hata kwa hasira zile, ulitulia tuli. Alikaa akiutazama, na pamoja na hasira kikaanza kuja kitu kingine ambacho hakukitegemea, wepesi fulani kifuani, kama mtu aliyetua gunia ambalo alikuwa amesahau kwamba amelibeba.

Kisha akalikumbuka lile jicho, likimtafuta.

Alipoingia tena karakana, kaka yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, upinde mapajani, ameinamisha kichwa.

"Nilidhani umeondoka."

"Niliondoka. Nimerudi." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Bado nina hasira na wewe na nitakuwa nayo labda mpaka Krismasi. Lakini mchujo ni Jumamosi ijayo na upinde huu haujakaa sawa. Mimi nitaona, wewe utashika. Na Jumanne tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Baba alianza hivi hivi." Alisema haraka, kama anayetoa mwiba. "Umesahau, ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa namwongoza chooni. Alipokwenda hospitali wakamwambia amechelewa, haitarudi."

"Baba alikuwa na presha ya macho. Wewe hujui una nini."

"Ndiyo maana siendi. Sasa hivi sijui. Nikienda nitajua."

Siafu akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. "Kaka, mimi nilikaa miaka mitatu nikidhani mkono wangu ndio mbovu, kwa kuwa sikwenda kuuliza. Sipendekezi."

Fundi akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. Akapangusa uso kwa kitambaa cha grisi, akajipaka weusi shavuni. "Siafu," akasema. "Ukishang'ata."

"Jumanne."

"Jumanne," akakubali.

Wakarudi kazini. Siafu akatandaza karatasi mpya, na safari hii akaisoma akiwa upande wa kupigia, kabla ya kuchomoa mshale. Kushoto, vidole viwili na zaidi. Kaka yake akakirudisha kiegemeo kulia hadi alama ya mwanzo. Kidole kimoja. Tena. Nusu kidole. Tena. Sasa mchano wa kushoto ulikuwa umekwisha, ila mkia ulichana juu kidogo.

"Juu kiasi gani?"

"Kama unene wa ganda la yai."

"Usinidanganye na mayai yako ya bakery. Juu wima, au umelala?"

"Wima kabisa."

Fundi akashusha kidogo sehemu ya uzi ambapo mkia wa mshale hubana. Mishale iliyofuata haikutulia, safari moja ikichana juu, safari nyingine sawa. Akafikiri, akapapasa kapi zote mbili huku Siafu akivuta uzi kwa taratibu. "Ya juu inafika kabla ya ya chini," akasema. "Weka sikio." Siafu akaweka sikio. Kweli, badala ya mgoto mmoja palisikika miwili, tik-tik, imekaribiana mno. Alama alizosema zimelingana hazikuwa zimelingana. Alikuwa amezitazama kwa jicho la hasira. Fundi akaurudisha upinde kwenye presi, akaipa kamba ya pembeni, ile inayounganisha kapi, mzunguko mmoja, kisha nusu. Akautoa, akavuta mwenyewe. Tik.

Siafu akapiga. Akaifuata karatasi, akasimama mbele yake, upande unaostahili.

"Nini?" akauliza kaka yake. "Sema."

Siafu akamshika mkono, akauongoza mpaka kwenye karatasi. Kidole kikapapasa, kikalipata tundu. Duara moja, si kubwa kuliko kitufe cha shati, na mikato mitatu mifupi imetawanyika sawasawa. Fundi akakizungusha kidole ukingoni mara mbili, mara tatu. 

"Tundu hilo," akasema. "Tundu hilo nimelikumbuka."

Ili wawe na uhakika wakatumia mshale usio na manyoya kabisa, ule ambao hausamehi kosa, kutoka mwanzo wa ujia, mita kumi na nane. Siafu alipiga mmoja wenye manyoya kisha ule mtupu. Ulipotua robotani, ulikaa sambamba na mwenzake, umenyooka, nafasi ya sarafu kati yao. Siafu akapiga vigelegele peke yake, wifi akaja mbio akidhani kuna moto, na kabla ya chai ya pili alikuwa ameshaambiwa yote. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. "Soksi za mtoto," akasema, na badala ya kucheka akaanza kulia, kisha akampiga begani, si polepole.

Jumanne walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya raba. Alimweka fundi kidevu kwenye mashine, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akapima presha ya macho, akaandika. Fundi Nukta alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Nani alikwambia ni presha?" akauliza daktari.

"Baba yangu..."

"Sikuulizi baba yako. Presha yako nzuri. Una mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa ajabu. Huyo tunamtoa. Nusu saa jicho moja, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ungekuja mapema usingeteseka hivi."

Fundi akauliza kama amesikia vizuri. Daktari akarudia. Akauliza tena. "Masikio nayo tuyapime?" akasema daktari, na wifi akacheka mpaka akatolewa nje.

Jumamosi ya mchujo palikuwa na upepo wa kubahatisha, unakuja na kuacha. Kaka mtu alikaa kwenye benchi nyuma ya mstari, na mkewe akamsimulia kila mshale sikioni, kwa lugha yake mwenyewe: "Umeingia kwenye njano ya katikati. Huu umegusa nyekundu. Huu, mh, huu tusiuseme." Huo wa kutosemwa ulikwenda kushoto. Siafu alisimama akautazama ulipo. Zamani angeutazama mkono wake. Leo alitazama kitambaa kilichofungwa juu ya fremu ya shabaha, akakiona kinapepea, akangoja kitulie, akapiga unaofuata ukaingia katikati. Alimaliza wa tatu. Timu ilihitaji wanne. Jina lake liliposomwa, kaka yake alisimama akapiga makofi akiwa ameelekea upande usio wake, kwa kocha wa klabu nyingine, aliyeshangaa lakini akashukuru.

Wiki mbili baadaye walimtoa mtoto wa jicho la kulia, na mwezi uliofuata la kushoto. Siku aliyofunguliwa bandeji ya kwanza alirudi karakana, akawasha taa zote, akazunguka akitazama kazi zake mwenyewe zinazongoja wenyewe. Akachukua baiskeli moja, akaizungusha gurudumu, akanuna. Akachukua kufuli, akanuna zaidi. Kisha akaomba daftari la namba za simu za wateja.

"Unataka nini na wateja?" Siafu akamuuliza. Alikuwa amepitia na mkate kabla ya kwenda kambini kwa mazoezi.

"Kila kilichopita mkononi mwangu miaka hii mitatu kirudi. Nakiangalia upya, bure."

"Vyote? Kaka, ni mamia!"

"Basi nitawaita mamia."

Na akawaita. Jumatatu asubuhi foleni ilifika kwenye kituo cha mafuta: baiskeli, kufuli, toroli mbili, mwanamke aliyeleta mlango mzima kwa kuwa kitasa hakitoki. Wa kwanza alikuwa tarishi ambaye breki zake zilikuwa zimefungwa ya mbele nyuma na ya nyuma mbele; alisema alishazizoea, akaomba asibadilishiwe. Fundi Nukta akakataa katakata. Akamkalisha kwenye kigoda, akampa kipande cha mkate wa moto, akapiga goti kando ya gurudumu, na akaanza kulegeza boliti ya kwanza.